Kamera Mbili, Kanga Moja

Jumapili mvua ilituachia saa moja na nusu,
na hapa Tukuyu zawadi ya namna hiyo huulizi imetoka wapi.
Nikatundika kanga ya mama kwenye kamba, nikaibana vibanio sita,
stendi nikaisimamisha topeni, mguu mmoja juu ya tofali.
Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu kwenda na kurudi.

Kanga imeandikwa NAONA SISEMI.
Wataalamu wana karatasi zao za mistari,
mimi nina kanga:
NAONA nikaiweka katikati ya fremu,
SISEMI iishie ukingoni, mahali ambapo lenzi huchoka.

Kwanza kamera yangu, mtumba wa Kariakoo,
raba yake ya kushikia nimeigandisha kwa gundi ya viatu.
Kisha ya Ambakisye, aliyoniazima mpaka saa kumi,
maana jioni ana harusi Kiwira
na amenionya kuhusu tope kama anayeacha mtoto mchanga.

Tundu lile lile. Kasi ile ile. Nilizuia hata pumzi.

Ndani, kwenye kompyuta, nikazikuza ubavu kwa ubavu.
Ya Ambakisye ilisoma uzi mmoja mmoja,
ikasoma tone kwenye jani la mgomba nyuma ya kamba,
na ndani ya tone, nyumba yetu, kichwa chini.
Yangu ilisema NAONA vizuri tu, kwa sauti.
SISEMI ikayeyuka pembeni,
kama neno lililoamua kujitii.
Na pale jani linapokutana na weupe wa mawingu
ikachora ukingo wa zambarau ambao Mungu hakuupaka.

Nikabadilisha. Lenzi yake kwenye kamera yangu:
SISEMI ikarudi, herufi zote, na nukta.
Kumbe mwili haukuwa na kosa.
Miaka mitatu namlaumu asiyehusika.

Nikaielekeza lenzi yangu kwenye tochi ya simu
nikaiona: kuvu, nyuzi nyembamba kama mizizi ya mche wa chai,
imeota ndani ya kioo, kwenye kabati la makoti,
inakunywa mvua yetu kimya kimya.

Mama akaja, mikono ina utomvu wa ndizi.
Akainama kwenye kioo bila kugusa.
Kwenye picha kali akaiona alama ya pasi,
ile aliyoikunja ndani tangu msiba wa shangazi Tupokigwe.
"Hii," akasema, "ni ya umbea."
Akaitazama ya kwangu, akanyamaza kidogo.
"Hii ina adabu. Ila ipeleke kwa daktari wa macho."

Tukajaribu jikoni, mlango nusu, moto wa kuni.
Yangu ilijaa chembechembe, kama unga wa ulezi uliopeperushwa.
Ya Ambakisye ilitoka laini, safi,
safi mno: moshi haukuwepo.
Nilikuwa nimekaa humo nikitokwa machozi
na picha inaniambia hapakuwa na moshi.
Hapo sikujua nimpe nani alama.

Saa kumi kasoro akapiga honi.
Akafuta stendi yake, mguu kwa mguu, akaondoka.
Nilipiga hesabu ya lenzi kama ile:
harusi kumi na moja, kama maharusi wote watalipa,
na hawalipi wote.

Basi yangu nikaizika kwenye ndoo ya mchele wa Kyela.
Mchele hautibu kuvu, najua,
unainyima maji tu.
Nikafunika, nikaweka jiwe juu.

Usiku wageni wakafika, watano, wamelowa,
na mvua imeshika bati kama deni.
Nikasikia jiwe linaondolewa.
"Syabumi! Njoo utoe jicho lako humu,
nataka kupika."

Nimeiweka dirishani, juu ya ile kanga.
Punje moja imenasa kwenye pete ya umbali,
kati ya mita tatu na mita tano.